Kushuka Grand Canyon, Kulala Phantom Ranch na Kupanda Ukiwa Mzima

Kila ikikaribia Aprili simu yangu haipumziki. Mara ni mgeni kutoka nyumbani, mara ni binamu wa rafiki, mara ni kijana aliyehamia Phoenix juzi na ameona picha. Maswali ni yaleyale. Naweza kushuka na kupanda siku moja? Maji yapo njiani? Raba zinatosha? Hivyo vijumba vya kule chini vinapatikanaje? Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, kwa hiyo nimeandika. Soma yote kabla hujanipigia.

Ninayoieleza ni safari moja tu ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani: kushuka kwa njia ya South Kaibab, kulala Phantom Ranch, ndivyo vijumba vya kule chini karibu na mto Colorado, kisha kupanda kwa njia ya Bright Angel. Njia nyingine zipo, ila mgeni aanze na hii.

Jambo moja lazima likae kichwani kabla ya mengine. Sisi tumezoea mlima. Unapanda ukiwa na nguvu, ukichoka unageuka, na mteremko unakusaidia kurudi. Korongo limepinduliwa. Unaanza kwa kushuka, asubuhi, kuna baridi nzuri, miguu mipya, unacheka na kupiga picha, na kila hatua unayoifurahia utailipa ukiwa umechoka na jua limekaa utosini. Ukingo wa kusini pale South Kaibab uko mita 2,213 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi. Phantom Ranch iko kwenye mita 750 hivi. Kutoka chini hadi juu kwa Bright Angel ni kupanda zaidi ya mita 1,300. Waliopanda Kilimanjaro wanajua kutoka kambi ya Barafu hadi Uhuru ni kama mita 1,220. Hewa haikosekani huku kama kule, lakini Kilimanjaro hakuna jua la jangwani.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana. Hifadhi yenyewe inaonya watu wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku moja, hasa Mei hadi Septemba. Wapo wanaofanya. Wapo pia wanaotolewa na helikopta.

KABLA YA KUONDOKA

Chagua mwezi. Aprili na Oktoba ndiyo miezi ninayoipenda. Kiangazi joto la kule chini korongoni hupita nyuzi 40 kwa kawaida, na yale mawe meusi ya korongo la ndani hulihifadhi kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu, hata usiku hupati nafuu ya maana. Kuanzia Julai huja mvua za radi, na mafuriko ya ghafla hushuka kwenye vijito vilivyokuwa vikavu. Majira ya baridi shida ni barafu kwenye kilomita za juu. Utahitaji meno ya chuma ya kuvalisha juu ya viatu, na usidanganywe na mtu wa Tucson anayesema Arizona hakuna barafu.

Kitanda. Phantom Ranch haina mlango wa kubisha hodi. Nafasi hutolewa kwa bahati nasibu ya mtandaoni, nawe unaomba miezi 15 kabla ya mwezi unaotaka kulala. Umesoma sawasawa, miezi 15. Ukikosa, usikate tamaa. Watu huahirisha, na nafasi hizo hurudi kwenye ukurasa wa kuhifadhi vyumba, basi chungulia kila asubuhi unapokunywa chai. Njia ya pili ni kuomba kibali cha kupiga hema Bright Angel Campground, umbali mfupi tu kutoka kwenye vijumba. Mwenye kitanda Phantom Ranch hahitaji kibali hicho, mwenye hema anakihitaji. Kabla ya kulipa chochote, angalia tovuti ya hifadhi kama njia, madaraja na mabweni yamefunguliwa. Matengenezo ya bomba na mitambo ya maji hufunga sehemu kwa miezi.

Chakula. Chakula cha jioni na cha asubuhi huagizwa na kulipiwa kabla ya safari. Ukifika mikono mitupu ukidhani utaagiza kama kwa mama ntilie, utalala na biskuti. Asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali aagize chakula cha mboga tangu mwanzo.

Mwili. Miezi miwili kabla, panda ngazi ukiwa na begi la mgongoni lenye uzito. Ngazi za ghorofa zinatosha. Usisahau kuzishuka pia, kwa sababu kinachoumiza wengi siku ya kwanza ni magoti na mapaja, wala si pumzi.

Vitu vya kubeba:

- Maji lita 3 hadi 4 kwa mtu mmoja siku ya kushuka. South Kaibab haina maji hata tone.
- Vyakula vya chumvi: karanga zilizokaangwa na chumvi, krispi, nyama kavu. Ongeza tende. Kashata za karanga ni bora kuliko vile vitu vya dukani vya dola tatu kimoja, na haziyeyuki.
- Pakiti kadhaa za ORS, zilezile za kumpa mtoto anayeharisha.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Raba zenye meno mazuri zinatosha kama njia ni kavu. Kosa kubwa ni viatu vipya, hata viwe vya bei gani.
- Fimbo mbili za kutembelea. Usione aibu, hata vijana wanazo.
- Kofia pana, na kanga au kikoi. Hiki nitakirudia.
- Tochi ya kichwani, plasta, jaketi jepesi, filimbi.
- Mfuko wa takataka zako. Ulichoshuka nacho unapanda nacho.

Begi zima na maji yake lisizidi kilo 9 au 10. Phantom Ranch wanatoa shuka na mablanketi, kwa hiyo huna haja ya mfuko wa kulalia. Ukishindwa kabisa kupunguza, nyumbu (nasema mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti) hubeba mfuko wa hadi kama kilo 13 kwa malipo, nao huagizwa mapema.

HATUA KWA HATUA

1. Lala ukingoni usiku wa kuamkia safari. Kutoka Phoenix ni kama kilomita 370. Kuendesha gari usiku kucha kisha kuanza kushuka ni kutafuta ajali. Umezoea Dar? Utaona kichwa kinauma kidogo na usingizi hauji vizuri, maana uko juu ya mita 2,000. Kunywa maji, kula ushibe, lala mapema.

2. Acha gari upande wa Bright Angel. Huko ndiko utakakotokea kesho yake, na magari binafsi hayaruhusiwi kufika mwanzo wa South Kaibab. Alfajiri panda basi la watembea kwa miguu. Saa zake hubadilika kufuata mwezi, kwa hiyo soma ratiba ya mwezi wako. Hapa wengi wetu hukosea kwa kuchanganya saa: ratiba ikisema 5:00, hiyo ni saa kumi na moja alfajiri yetu. Tena Arizona hawasogezi saa majira ya joto, lakini eneo la Wanavajo jirani wanasogeza. Ukipita huko simu yako inaweza kujibadilisha yenyewe.

3. Anza kushuka kabla ya jua kuchomoza, polepole kuliko unavyotaka. Njia hii inapita juu ya migongo ya miamba, imejaa vibao vya mbao vya kuzuia mmomonyoko, na kila kibao ni ngazi ya kugonga goti. Hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, fimbo mbele. Usikimbie kwenye kona.

4. Pumzika Cedar Ridge, kilomita 2.4 kutoka juu. Kuna choo. Hapa jipime: maji yamebaki kiasi gani, kidole kinachoma, kichwa kikoje? Ukiona dalili yoyote mbaya, geuka. Kurudi kutoka Cedar Ridge ni saa moja na nusu au mbili za jasho. Kurudi kutoka chini zaidi ni habari nyingine. Nimewahi kugeuka hapa na wageni wawili, kitanda kilicholipiwa kikapotea, wakaninunia hadi Flagstaff. Wako hai.

5. Ukikutana na nyumbu, wape njia. Simama upande wa ukuta wa mlima, usisimame upande wa shimo hata siku moja, kisha tulia, nyamaza, na fanya anachosema mwongozaji. Subiri hadi wa mwisho apite mbali. Utafika na mavi yao kwenye viatu, hiyo haiepukiki.

6. Skeleton Point, kilomita 4.8, ndipo mto unaonekana kwa mara ya kwanza. Picha nzuri, lakini kivuli hakuna. Endelea hadi Tip Off, ambako kuna choo na simu ya dharura. Baada ya hapo unaingia korongo la ndani na joto linabadilika kama umefungua mlango wa tanuri. Maji ya kinywani na maji ya kichwani yatenganishe: bakiza angalau nusu lita ya kulowesha kikoi.

7. Vuka daraja jeusi. Unapita kwanza kwenye handaki fupi lenye giza, kisha unatokea juu ya mto. Lilijengwa mwaka 1928, na nyaya zake kuu, kila mmoja una uzito wa kama tani moja, zilishushwa mabegani na wanaume 42 wa kabila la Havasupai waliojipanga mstari mmoja kwenye njia. Ukiwa umelalamikia begi la kilo tisa, hapo utanyamaza.

8. Fika Phantom Ranch, kula, lowa, lala. Tangu juu ni kama kilomita 12, saa nne hadi sita kwa mgeni. Vijumba vya mawe na mbao vilisanifiwa na Mary Colter mwaka 1922, mawe yakichukuliwa papo hapo na vingine vyote vikishushwa kwa nyumbu. Ndani kuna vitanda vya ghorofa, choo na sinki la maji baridi. Bafu liko jengo la pembeni. Usitarajie hoteli. Mimi napenda vilivyo: mlango wa mbao, miti ya kivuli, mlio wa kijito cha Bright Angel.

Kaa kwenye hicho kijito, miguu ndani ya maji, nusu saa. Mtoni Colorado usiogelee. Maji ni ya baridi kali kwa sababu hutoka chini ya bwawa, na mkondo wake haumjali hata aliyezaliwa Pangani. Chakula kiweke kwenye masanduku ya chuma, maana kindi wa kule wamezoea watu, hutoboa mabegi na huuma vidole. Viatu vikung'ute asubuhi kabla ya kuvaa, kuna nge.

9. Amka usiku wa manane ukijiandaa kuondoka kwenye saa kumi alfajiri, au saa kumi na moja kama ni msimu wa baridi. Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote. Watu hulala vizuri, wanakunywa kahawa, wanapiga picha za kijito, wanaondoka saa mbili asubuhi, na saa sita mchana wako kwenye kona za Devil's Corkscrew hawana kivuli wanachoweza kukitegemea. Lengo lako ni kufika Havasupai Gardens kabla jua halijakaza. Ni kama kilomita 8, na utapanda mita 400 tu. Unavuka daraja la rangi ya fedha, unaufuata mto kwenye mchanga, kisha unaanza kona.

10. Havasupai Gardens simama kabisa. Kuna miti mikubwa, maji, choo na viti. Watu wa Havasupai walilima hapa hadi walipoondolewa na wenye hifadhi, na jina hili lilirasmishwa mwaka 2022 baada ya kabila kudai lile la zamani liondolewe. Kula chakula cha chumvi, jaza chupa zote. Ikiwa ni mwezi wa joto na imeshagonga saa nne asubuhi, usitoke. Lala chini ya mti hadi saa kumi jioni. Ndiyo, utafika juu usiku. Ndiyo maana nikasema tochi.

11. Sasa ndiyo safari yenyewe. Kutoka hapa hadi juu ni kilomita 7.2 na zaidi ya mita 900 za kupanda. Yaani zaidi ya theluthi mbili ya mlima wote imewekwa kwenye nusu ya mwisho, baada ya wewe kuchoka. Wapagazi wa Kilimanjaro wana neno lao, pole pole, na hapa lichukue kama kipimo hasa: ukishindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, umezidisha mwendo. Tembea dakika 30, kaa dakika 5 hadi 10, inua miguu juu ya jiwe. Kila unapokaa, weka kitu cha chumvi mdomoni kabla ya maji.

Hapa ndipo kikoi kinapofanya kazi. Kiloweshe, kijifunge kichwani na shingoni chini ya kofia, na fulana ya pamba nayo imwagie maji. Upepo wa jangwani unakausha haraka, na ule ukaukaji ndio unaokupoza. Majira ya baridi usifanye hivyo kamwe; pamba iliyolowa kwenye baridi ni hatari.

12. Hesabu vibanda vya mapumziko vya njiani, usihesabu kona. Cha kwanza kiko kilomita 4.8 kutoka ukingoni, cha pili kilomita 2.4. Maji ya vibanda hivi hayana uhakika, bomba hupasuka na hufungwa, kwa hiyo toka Havasupai Gardens na maji yanayokutosha hadi juu. Kutoka kibanda cha mwisho utakutana na watalii wa matembezi mafupi wanaonukia sabuni, wanakuuliza, "Bado mbali?" Wajibu kwa adabu.

Kupanda kote kuhesabu saa saba hadi kumi. Kanuni ya hifadhi ni kwamba kupanda huchukua muda mara mbili ya kushuka.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Kichwa kinauma, kichefuchefu, ngozi imelowa jasho. Joto limekuzidi. Kivuli, kaa chini, lowa mwili mzima, kunywa kidogo kidogo, kula. Subiri hadi upoe kabisa, hata saa mbili.

Mtu anaongea visivyoeleweka, anayumba, mwili unaunguza. Hii ni dharura ya kufa. Usimtembeze. Mwagie maji yote mliyonayo, mpepee, mmoja akimbilie simu ya dharura au askari wa hifadhi. Simu za mkononi sehemu kubwa ya njia hazishiki.

Amekunywa maji mengi sana, anakojoa mkojo mweupe mara kwa mara, lakini anatapika na amechanganyikiwa. Huyu ameishiwa chumvi. Wengi humzidishia maji wakidhani ni kiu na humuumiza zaidi. Mzuie maji. Akiwa anajitambua na anaweza kumeza, ale vya chumvi. Akiwa amechanganyikiwa, usimlishe, omba msaada mara moja.

Misuli ya mapaja inakaza. ORS pakiti moja kwenye maji, karanga za chumvi, nyoosha taratibu. Usiikande kwa nguvu.

Kidole kinachoma. Simama sasa hivi. Ukingoja lengelenge litokee umechelewa. Kausha mguu, plasta, badili soksi. Na kucha zikate siku mbili kabla ya safari, la sivyo mteremko utazikata wenyewe.

Goti limegoma siku ya kushuka. Goti linaloumia kwa kushuka mara nyingi huvumilia kupanda. Pumzika usiku, waambie askari wa hifadhi pale chini, punguza begi kwa kulipeleka na nyumbu kama nafasi ipo. Helikopta ni ya wanaokufa, haiji kwa sababu umechoka.

Giza limekukuta njiani. Si janga. Njia ni pana na haipotezi. Washa tochi, vaa jaketi, endelea kwa mwendo uleule. Wanaoumia ni wanaoanza kukimbia.

Umefika juu. Vaa kitu cha joto mara moja, kwa sababu jasho na upepo wa ukingoni havipatani. Na usishike usukani kurudi Phoenix usiku huohuo. Barabara ya kusini ina elki, paa wakubwa kama ng'ombe, wanaosimama katikati ya lami gizani, na wewe macho yako hayatakuwa yako. Lipia usiku wa pili ukingoni tangu mwanzo, na omba chumba cha chini. Ngazi kesho yake hutazitaka.